Nimtengenezee Mkono wa Rangi Ipi?

Mpendwa mshauri,

Msaada ninaouomba leo si wa mume wala wa mawifi, hao nimeshawazoea, ni wa mkono mmoja wa kushoto ambao natakiwa niumalize kabla ya harusi ya mwisho wa mwezi ujao, na kila nikishika brashi moyo unakataa, na niliowaambia nyumbani wananijibu nakuza mambo, na niliyemwambia kazini ananijibu nifuate utaratibu, basi nimebaki na wewe.

Mimi ni fundi wa viungo bandia. Karakana yetu ina mafundi wa miguu na fundi wa mikono, na wa mikono ni mimi, na kazi hii naipenda na kujivunia, tena sioni haya kusema. Mkono bandia huvalishwa glavu ya silikoni yenye kucha na mikunjo kama ya mkono wa kweli, na hiyo glavu ndiyo watu wanayoiona, kwa hiyo rangi yake ndiyo kila kitu. Watu husema "mweusi" kana kwamba ni rangi moja iliyotoka koponi, waje mezani kwangu waone, kwa mtu mmoja tu naweka nyekundu, naweka njano, naweka buluu kidogo chini ya kucha, vifundo navikoleza, kiganja nakipunguza, halafu mistari ya kiganja naipitisha kwa brashi nyembamba huku nimebana pumzi. Kuna kinyozi nilimtengenezea mkono akaenda nao kwenye kikao cha ukoo, wazee wakamshika mkono mmoja mmoja, hakuna aliyeshtuka, mpaka alipouvua kwa ajili ya joto akausahau kwenye kochi na shangazi yake akaukalia. Kelele zilizopigwa siku hiyo ndizo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata maishani.

Sasa shida yenyewe. Kaka yangu ana binti mmoja, ndiye anayeolewa mwezi ujao, na tangu azaliwe watu wanasema amenichukua mimi, hasa mikono, vidole virefu, vifundo vikubwa, weusi uleule uliokolea, hata mama yetu alipokuwa hai umeme ukikatika akitushika mikono jikoni alikuwa anatuchanganya, ananiita mimi kwa jina lake na yeye kwa jina langu, ndipo nikaanza kumwita Pacha na jina likaganda. Pacha alikuwa akifanya kazi kiwanda cha biskuti, upande wa kufungasha, na mashine ikamchukua mkono wa kushoto. Wakati huo mimi nilikuwa mbali, nimepelekwa kusomea hiyohiyo kazi ya kuchanganya rangi, kwa hiyo alihudumiwa na wenzangu, wakampa glavu ya kwenye boksi.

Hizo za boksi ndizo tunazoletewa kwa wingi. Zote ni za rangi moja, waridi iliyopauka, na ubavuni mwa boksi pameandikwa "Rangi ya Kawaida". Anayetaka rangi yake mwenyewe anaandikishwa kama "Ombi Maalumu" na kuingia foleni, maana kuchanganya kunachukua muda na fundi wake ni mmoja. Niliporudi nikamwandikisha Pacha na yeye akasubiri kama wengine, sikumrusha hata hatua moja, nisije nikaambiwa napendelea ndugu, na nilijiona mwadilifu kweli.

Huku nyuma kiwanda kikamhamishia dirishani, kwenye kuuza kwa jumla, ambako kutwa nzima mikono yake yote miwili iko juu ya meza mbele ya watu, mmoja mweusi, mmoja wa waridi. Siku moja mtoto wa mteja akamwuliza, "Dada, huo mkono umeazima kwa nani?" Alitusimulia hiyo habari nyumbani huku anacheka mpaka machozi, na sisi tukacheka, na mimi nikacheka, mshauri, nikasema huyo mtoto ana akili.

Zamu yake ikafika. Akaja karakanani asubuhi, nikamkalisha upande wa dirisha kwenye mwanga mzuri kama ninavyomfanyia kila mtu, maana sisi rangi huipima kwa mkono uliobaki, tunaweka vibao vya rangi kando ya ngozi mpaka kimoja kipotee. Nilikuwa na vibao vya weusi wetu tayari, nilivichagua siku nyingi nikimngoja. Hakuna hata kimoja kilichokubali. Nikasogeza kiti, nikafuta miwani, nikarudia. Mkono ulikuwa umepauka kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, umebaki mweusi kwenye vifundo tu, na nilipoinua macho nikauona na uso, ambao kumbe nilikuwa nauona kila Jumapili na kujiambia ni poda.

Akatabasamu. "Shangazi, si nimekurahisishia kazi? Inakaribiana sasa. Ya boksi ile ikichakaa utanipa nyingine kama hiyohiyo, na harusini nitakuwa sawa."

Alikuwa anapaka krimu ya kujichubua tangu alipohamishiwa dirishani. Hakujichubua ili apendeze, mshauri, ingekuwa hivyo ningejua namna ya kugombana naye, amejichubua ili afanane na glavu. Mkono ulitakiwa umfuate mtu, mtu ndiye aliyeufuata mkono. Na nilipomvua glavu na mkono bandia niangalie kigutu, pale mkono ulipokatikia, ngozi imekuwa nyembamba, nyekundu, imechunika pale mkono bandia unapokaza, maana krimu anaipaka mpaka huko, na najua kwa uzoefu wangu akiendelea hivyo kitakuwa kidonda na hatavaa mkono wa aina yoyote, mweusi wala mweupe. Nikamwambia silikoni haijafika, arudi wiki ijayo.

Nikaenda kwa kaka. Akaniambia, "Dada, mpe rangi anayoitaka, harusi ni yake. Ubaguzi wa rangi ni mambo ya Wazungu huko kwao. Hapa sisi sote weusi, nani atambagua nani?" Na wifi, mama yake Pacha, akadakia kutoka jikoni, "Kwanza kang'aa mwanangu!"

Nikaenda kwa mkuu wa karakana, ambaye si mtu mbaya, naye mwenyewe anatembelea mguu bandia, wa rangi ya boksi, na ndiye aliyehangaika mpaka mimi nikapelekwa masomoni. Akasema, "Utaratibu ni kupima ngozi iliyopo, siyo ngozi unayoikumbuka wewe. Na tafadhali usiniletee siasa humu. Mimi simbagui mtu, hayo maboksi nimeyakuta." Wiki hiyohiyo akaja mteja Mzungu, fundi mitambo, mtu mpole sana, tukamfungulia boksi, akavaa glavu, ikamkubali palepale, akatushukuru na kuondoka kabla chai yangu haijapoa. Sina ugomvi naye hata kidogo. Lakini nilibaki nimeshika lile boksi tupu na kitu kimenikaba kooni, na sikujua nimlaumu nani.

Nimetafuta picha za zamani za Pacha nipate rangi yake ya kweli, lakini simu za siku hizi zinamng'arisha kila mtu, kila picha ina rangi yake. Nikimpima kwa ngozi ya leo, nitakuwa nimetia muhuri kwamba alivyozaliwa kulikuwa na kasoro. Nikimtengenezea kwa rangi ya zamani, atasimama harusini na uso mweupe na mkono mweusi, watu watakodoa macho tena, safari hii kwa kazi ya mikono yangu. Tena nina haki gani ya kumchagulia mtu mzima rangi ya mwili wake? Au nimekasirika tu kwa sababu weusi anaoukimbia ni wangu mimi? Hilo ndilo linalonichoma, mshauri, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ni mimi,
Shangazi, fundi wa mikono

*

Shangazi, fundi wa mikono,

Pole, na hongera. Nakupa vyote viwili kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikasikitika, mara ya pili nikajikuta nimeinua mkono wangu mwenyewe dirishani natafuta hiyo buluu chini ya kucha. Ipo! Nimeishi na mikono hii miaka yote na sikuwahi kuiona. Mtu anayeweza kunionyesha uzuri wangu kwa barua tu hana sababu ya kwenda kwenye kazi yake akitetemeka.

Sasa nikugombeze kidogo. Umezungumza na kaka. Umezungumza na wifi akiwa jikoni. Umezungumza na mkuu wako, na umeniandikia mimi ambaye hata ukipishana nami njiani hunijui. Na Pacha je? Pacha umemwambia silikoni haijafika. Mwanamke mzima, fundi mzima, unaisingizia silikoni! Mtoto kaingia karakanani kwako na jambo lote limeandikwa usoni pake, wewe ukafuta miwani.

Nije kwa kaka yako, na umsomee hapa kwa sauti. Kaka, umeuliza nani atambagua nani. Swali zuri, tulijibu. Katika habari hii yote hakuna mtu hata mmoja mwenye chuki. Mkuu wa karakana ni mwema, yule Mzungu ni mpole, mtoto wa dirishani ni mtoto tu, na wewe unampenda binti yako. Hata hivyo binti anajiunguza ngozi. Basi chuki imekaa wapi? Imekaa ubavuni mwa boksi, kwenye neno "kawaida". Kuna mtu mahali fulani, zamani, alikaa akaamua kwamba mwili wa kawaida ni wa rangi moja na yake ikawa hiyo, na wengine wote tukawa "maalumu". Huyo mtu hahitaji tena kutuchukia. Hahitaji hata kuwa hai. Boksi linamfanyia kazi, na sisi tunalipokea mlangoni, tunalisaini, tunalipanga kwenye rafu. Ubaguzi wa rangi ndivyo unavyoishi mahali ambapo sote ni weusi. Na mama wa binti anaposema "kang'aa", nataka ajiulize kabla ya hapo mwanawe alikuwa na giza gani.

Mkuu wa karakana anasema habagui mtu. Namwamini. Lakini kutobagua ni kukaa tu, na boksi halisogei kwa watu kukaa. Anayeupinga ubaguzi hajulikani kwa usafi wa moyo wake, hilo amwachie Mungu, anajulikana kwa kile alichobadilisha alipokuwa na uwezo wa kukibadilisha. Yeye ana uwezo wa kuagiza. Kama wateja wenu karibu wote ni weusi, kwa nini glavu nyeusi zisubiriwe na za waridi zijae rafuni? Asiniambie ni siasa. Mguu wake yeye umejificha ndani ya suruali, ndiyo maana rangi ya boksi haijamsumbua. Mkono wa Pacha hauna suruali, uko juu ya meza, dirishani, kutwa nzima.

Na wewe, Shangazi, usijifiche nyuma yake. Umeniandikia kwa fahari kwamba hukumrusha Pacha foleni. Sawa, huo ni uadilifu na wengi hawana. Ila foleni hiyo ilikuwa ya weusi peke yao. Yule fundi mitambo hakuiona hata mkia wake, na wala hakufanya kosa lolote. Ulikuwa mwadilifu ndani ya foleni, hukuuliza foleni imetoka wapi. Sikulaumu sana, kilichokukaba kooni siku ile ulipobaki na boksi tupu ndicho hicho, na koo lako lilikuwa na akili kuliko utaratibu.

Unauliza una haki gani ya kumchagulia rangi. Huna. Ni mtu mzima, anaolewa, mwili ni wake. Lakini kumwambia mtu ukweli kuhusu mwili wake ni kitu kingine, na hiyo haki unayo mara mbili, kama shangazi na kama fundi. Unauliza pia kama umekasirika kwa kuwa weusi anaoukimbia ni wako. Ndiyo, umekasirika kwa hilo, na usione aibu. Ungekuwa jiwe usingeumia. Ila hasira hiyo usimpelekee yeye. Yeye hakuukimbia weusi wako, alichoka kuangaliwa. Alitafuta njia ya kuwa mtu mmoja badala ya wawili, na njia pekee aliyowekewa wazi ilikuwa ya kwenye kopo la krimu. Mlipocheka habari ya yule mtoto, Pacha ndiye aliyeanza kucheka, na mpaka sasa hakuna aliyemwuliza kwa nini machozi yalitoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho, siyo wiki ijayo, mwite. Jambo la kwanza ni kigutu, kabla ya rangi yoyote. Mweleze kifundi kama unavyomweleza mteja, kwamba ngozi ikiendelea kuwa nyembamba hatavaa mkono harusini wala baada ya harusi. Nendeni wote wawili kwa daktari wa ngozi na lile kopo mkononi, mwambieni kila kitu, maana krimu hizo nyingine hazifai kukatishwa ghafla bila kusimamiwa na mtu anayejua. Huko njiani usihubiri. Usimwambie kajidhalilisha, usimwambie bibi yake angelia kaburini. Mwombe msamaha kwa kucheka, halafu mnunulie soda.

Kwa mkuu wako nenda na yule kinyozi. Ndiyo, na mkono wake uliokaliwa. Nenda na kila mteja wa "Ombi Maalumu" atakayekubali, wekeni mikono mezani mbele yake, mwombeni aagize vifaa vya rangi zetu kwanza na akupe msaidizi wa kumfundisha. Hilo neno la ubavuni mwa boksi lisingoje kikao. Chukua kalamu nene, ulifute, andika "Waridi". Ni rangi nzuri, ina watu wake, waendelee kuipata mapema na watu wenu wapate zao mapema vilevile. Akikuuliza nani kaandika, mwambie mshauri wa gazetini.

Limebaki la kipimo. Umepekua picha, umesumbua simu, umepanga vibao, umekosa rangi ya kweli ya Pacha. Shangazi, hebu soma barua yako mwenyewe. Si wewe uliyeniambia mama yako alikuwa anakuchanganya na Pacha umeme ukikatika? Basi siku akija kupima, vibao viache sandukuni. Mkalishe upande wa dirisha palepale, kwenye mwanga wako mzuri, kunja mkono wa blauzi, weka mkono wako wa kushoto mezani, pale ambapo wake ulipaswa kuwa. Mwambie, "Pacha, nakupimia kwa huu." Halafu umwache aangalie kadiri anavyotaka.

Akisema harusini anataka ule wa waridi, mpe, na umfunge kifungo cha gauni kwa mapenzi yote. Lakini huu wa kwenu utengeneze hata hivyo, kwa brashi yako nyembamba na pumzi yako uliyobana, vifundo vikubwa na buluu chini ya kucha, uutunze. Ngozi haina haraka, ila hurudi. Yake ikirudi nyumbani, iukute mkono umeshafika.